Maswali ya wasomaji: Jumla ya mvua ni ileile, mbona mafuriko yamezidi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Kila siku tunaambiwa mvua kubwa zimeongezeka kwenye tropiki, yaani nchi za joto za karibu na ikweta, ila nikiangalia jumla ya mvua ya mwaka sehemu nyingi naona haijabadilika sana. Sasa tuamini lipi? Na je, hali ni moja kote?

JIBU: Ndugu msomaji, amini yote mawili, tatizo ni hiyo jumla, inaficha mambo mengi mno. Chukua India ya kati, watafiti walipitia vipimo vya kila siku kuanzia 1951 hadi 2000 wakakuta jumla ya mvua za monsuni, yaani mvua za msimu zinazoletwa na pepo, iko palepale, kumbe siku za mvua kubwa zimeongezeka na siku za mvua ya wastani zimepungua, ukijumlisha zinafutana. Mkulima atafanya nini na jumla nzuri ambayo sehemu kubwa imeshuka siku chache ikaondoka na udongo?

Chanzo ni joto. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, kwa hiyo mvua ikishuka inashuka nyingi. Ila pepo ndo zinaamua mvuke uende wapi, ndo maana tropiki haiendi pamoja. Saheli, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, ilikauka vibaya miaka ya 1970 na 1980, baadaye mvua zikarudi lakini kwa sura nyingine, setilaiti zimeonesha dhoruba kali zimefika kama mara tatu ya zilivyokuwa 1982, na Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso, tarehe 1 Septemba 2009 ilipata milimita 263 siku moja! Afrika Mashariki ni kesi ngumu zaidi, masika ilipungua tangu miaka ya 80 hadi karibu 2010, huku vuli ikiyumba kufuata joto la Bahari ya Hindi, kama 1997 na 2019 upande wa magharibi wa bahari ulipopata joto tukaona mafuriko.

Halafu kuna suala la vipimo, hapa watu wengi wanakosea. Mumbai, Julai 26, 2005, kituo cha Santacruz kilipima milimita 944 kwa saa 24, cha Colaba, mji huohuo, kikapata kama 73 tu. Ungekuwa na Colaba peke yake ungesema siku ile haikuwa na jambo.

Kwa hiyo ukiomba takwimu usiombe za mwaka, omba za kila siku, za vituo vingi, miaka 30 kwenda juu, kisha hesabu siku zilizovuka milimita 50 uone zinapanda au zinashuka.