Mdogo wangu alifungwa kwa hundi ya kughushi: tuliyojifunza kwenye rufaa

Hakimu alisoma adhabu siku ya Ijumaa mchana: miaka minne kwa kuwasilisha hundi ya kughushi, miaka minne mingine kwa kujipatia fedha kwa udanganyifu, zote ziende pamoja. Kabla askari hajamshika mkono, mdogo wangu aliingiza mkono mfukoni akanipa ufunguo wa banda lake la mbao. "Dada, kafunge," akasema. Hakusema kingine.

Naandika haya kwa ajili ya dada, mama au mke mwingine ambaye leo ameshika ufunguo kama ule na hajui aanzie wapi. Mimi si mwanasheria. Nimefuatilia rufaa moja tu, kuanzia karani wa masijala hadi Mahakama Kuu, na mengi niliyajua baada ya kuyakosea.

Kwanza kisa chenyewe, maana kinaweza kumpata mfanyabiashara yeyote. Mteja alikuja bandani, akachagua mbao za shilingi 6,100,000, akalipa kwa hundi ya kampuni yenye shilingi 8,600,000. Akaomba kinachobaki arudishiwe taslimu ili alipie lori. Mdogo wangu hakuwa mjinga. Alisema mbao hazitoki mpaka hela iingie, akaipeleka hundi benki mwenyewe, hela ikaingia, akatoa mbao na chenji. Siku ya tisa kampuni iligundua kuwa karatasi moja imenyofolewa kwenye kitabu chake cha hundi na sahihi imeigizwa. Mteja alishapotea, namba yake haipatikani. Aliyebaki na jina na akaunti ni mdogo wangu. Polisi walimfuata yeye.

Sasa rufaa. Kwa hukumu ya mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi hapa Tanzania, sheria inakupa siku 10 tangu hukumu kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 kuwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu. Jumamosi na Jumapili nazo zinahesabiwa humo. Sisi nyumbani tulikaa kama tuna msiba. Watu walijaa uani, mama hali, simu haziishi. Siku ya saba jirani mmoja aliyewahi kufungwa alinivuta pembeni akaniuliza, "Notisi mmeshaweka?" Nilimtazama tu, sikuwa najua notisi ni kitu gani. Jumatatu asubuhi, siku ya kumi, nilikuwa gerezani nikitetemeka. Kumbe mdogo wangu alishatoa notisi siku ya tatu, kwa sababu mfungwa mwenzake alimshtua, na maofisa wa gereza wakaipeleka mahakamani. Mungu alitusaidia. Mfungwa ana haki ya kupitisha notisi na rufaa yake kwa mkuu wa gereza, na njia hiyo haina gharama. Muulize ndugu yako siku ya kwanza kabisa unapomtembelea.

Siku zikishapita, mlango haujafungwa moja kwa moja, ila unakuwa mwembamba. Unaomba kuongezewa muda kwa hati ya kiapo, na unatakiwa ueleze kila siku ya kuchelewa ilikwenda wapi. "Tulikuwa na majonzi" haitoshi.

Kitu cha pili ni barua. Huwezi kuandika sababu za rufaa bila nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi (kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani), na nakala hizo zinachukua muda. Sisi tulisubiri zaidi ya miezi mitatu. Muda wa kusubiri nakala hauhesabiwi kwenye zile siku 45, lakini lazima uweze kuonyesha uliomba lini na ulipewa lini. Kwa hiyo omba kwa barua, peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Yangu niliitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mwanangu.

Kisha nakala zikaja, kurasa 71, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Mimi nilidhani rufaa ni mahali pa kwenda kulia upya: kumweleza jaji kwamba mdogo wangu ni mcha Mungu, ana watoto wawili, hajawahi kuiba hata msumari. Wakili tuliyempata kupitia msaada wa kisheria (sheria yake ipo tangu 2017, ulizia ustawi wa jamii au gerezani kwenyewe) aliniacha nimalize kusema. Kisha akaweka mkono juu ya yale makaratasi. "Dada yangu, jaji hatakusikia wewe. Atasoma hiki."

Tukakaa tukasoma. Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021, lakini mwenendo tuliopewa ulikuwa wa Kiingereza, hivyo alinitafsiria mstari kwa mstari. Ilichukua Jumamosi mbili. Sitasahau tulichokikuta.

Kosa la kuwasilisha nyaraka ya kughushi halitimii kwa kuipeleka tu dirishani. Kanuni ya Adhabu inataka uwe umefanya hivyo kwa kujua na kwa nia ya kulaghai. Mtaalamu wa maandishi alitoa ushahidi kwamba sahihi kwenye hundi si ya mkurugenzi wa kampuni. Sawa, hundi ilikuwa feki, hata sisi hatukubishi. Lakini mwandiko wa mdogo wangu haukuwahi kupimwa, na hakuna shahidi hata mmoja aliyesema mdogo wangu alijua kuwa ni feki. Keshia aliulizwa hundi ilikuwa na nini nyuma. Akajibu: namba ya akaunti, jina kamili na namba ya simu ya mshtakiwa, kwa mwandiko wake. Jibu hilo liko ukurasa wa 33. Nilimwomba wakili anisomee tena. Mtu anayejua amebeba hundi ya wizi aandike namba yake ya simu, ileile anayoitumia mpaka leo? Hukumu haikuligusa jibu hilo hata kwa neno moja.

Badala yake hukumu ilisema mshtakiwa "ameshindwa kumleta huyo anayemwita mteja." Wakili alipiga mstari chini ya maneno hayo mara mbili. Mshtakiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hana hatia. Mzigo ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, tangu mwanzo hadi mwisho. Ile ikawa sababu ya kwanza ya rufaa.

Ya pili mimi nisingeiona hata ningesoma mwaka mzima. Hundi na ripoti ya mtaalamu vilipokelewa kama vielelezo, lakini mwenendo hauonyeshi popote kwamba vilisomwa mahakamani baada ya kupokelewa ili mshtakiwa ajue vina nini. Mahakama ya Rufani ilishaeleza utaratibu huo katika shauri la Robinson Mwanjisi, mwaka 2003: nyaraka ikubaliwe kwanza, ndipo isomwe. Isiposomwa, inaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu. Hukumu za aina hii zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII, na hata kwa simu ndogo zinafunguka.

Kwenye rufaa ya kwanza jaji anaupitia ushahidi wote upya, anaupima mwenyewe na anaweza kufikia uamuzi tofauti na wa hakimu. Ukienda Mahakama ya Rufani baadaye utabanwa zaidi kwenye hoja za sheria. Kwa hiyo hoja za ushahidi, kama lile jibu la keshia, ziweke hapa zote.

Tuliomba dhamana wakati rufaa inasubiri, tukakataliwa. Ni ngumu kuipata, usijenge matumaini juu yake. Na kama ndugu yako bado hajasomewa hukumu, mkataze kukiri kosa eti "atapigwa faini aende nyumbani." Gerezani mdogo wangu alikutana na kijana aliyekiri kwa ushauri wa namna hiyo. Ukishakiri, huwezi kupinga kutiwa hatiani, unabaki na ukubwa na uhalali wa adhabu tu. Kuna milango midogo, kama kukiri kulikokuwa na utata, au hati ya mashtaka isiyoonyesha kosa lolote, lakini kijana yule alikuwa bado anaitafuta milango hiyo sisi tulipoondoka.

Rufaa ilisikilizwa kwa muda usiozidi saa moja. Baada ya miezi yote ile, saa moja! Wakili wa Serikali alikubali kwamba vielelezo havikusomwa, akaomba kesi ianze upya. Hapo magoti yaliniisha nguvu. Wakili wetu akasimama na shauri la zamani, Fatehali Manji la mwaka 1966: kesi hairudiwi ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Jaji alikubali. Akaiondoa hundi, akaiondoa ripoti, akasema hata vingebaki, kujua hakukuthibitishwa. Hatia ikatenguliwa, adhabu ikafutwa. Mdogo wangu alikuwa amekaa ndani miezi 14.

Mbao hazikurudi, wala hela ambayo benki ilishaikata kwenye akaunti yake. Lori lake aliliuza akiwa bado kwenye kesi. Rufaa ya jinai haishughuliki na hayo.

Tulitaka kufanya sherehe, yeye akakataa. Alijua Jamhuri nayo ina siku 30 za kutoa notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani, akaniomba tuzihesabu kimyakimya. Tukazihesabu. Siku ya 31 tulikwenda masijala, karani akaangalia, akasema hakuna kitu. Tukatoka hapo moja kwa moja hadi bandani. Nilimpa ufunguo. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, ikabidi tulimiminie mafuta ya taa na kusubiri.