Kukataliwa dawa ya mafua Ohio

Dada, pole na mafua. Unasema mfamasia aliskani leseni yako ya udereva, akatazama kioo cha kompyuta, akalirudisha boksi la dawa chini ya kaunta, nawe ukahisi umeshukiwa. Hapana. Dawa yako ina sudoefedrini, ambayo wahalifu huitumia kupika methamfetamini, dawa ya kulevya. Sheria ya Marekani iliyosainiwa mwaka 2006 inaruhusu mtu anunue gramu 3.6 za sudoefedrini kwa siku, na 9 ndani ya siku 30. Mfumo unaoitwa NPLEx hujumlisha ununuzi wako kwenye maduka yote, hivyo kuhamia duka la pili hakusaidii.

Ulisema mwezi huu umewanunulia pia mumeo na shemeji yako. Basi hapo ndipo ilipo shida: zote zimehesabiwa kwako. Kila mtu mzima atumie kitambulisho chake, lakini usimtume mtu akununulie baada ya kufikia kikomo. Hilo ni kosa. Omba namba ya muamala uliokataliwa, uulizie sababu.

Zile dawa za rafuni zenye fenilefrini badala ya sudoefedrini, usizinunue. Mwaka 2023 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, lilisema vidonge vyake havizibui pua.