Re: Marangu hadi Mandara kwa siku moja, inawezekana?

Kupanda Mlima Kilimanjaro toka geti la Marangu hadi kambi ya Mandara na kurudi siku hiyo hiyo inawezekana, mkuu, na kwa anayekaa Moshi ni matembezi mazuri sana. Geti la Marangu liko kama mita 1,870, Mandara mita 2,720. Ni kilomita 8 hivi, saa tatu kupanda na mbili kushuka.

Kosa la wengi ni kuchelewa. Ondokeni Moshi saa 12 asubuhi ili saa 2 muwe mnaanza kutembea, kwani ukungu ukishapanda mchana hamtaona kitu. Mkifika Mandara msiishie hapo: ongezeni dakika 15 hadi 20 mpaka kreta ya Maundi. Kukiwa kweupe mtaona vilele vya Mawenzi na Kibo, na upande wa pili Kenya. Bila Maundi, safari nzima ni msitu tu (mbega na kima wapo, lakini bado).

Kitambulisho cha NIDA msisahau, ndicho cha kupata kiingilio cha raia. Mwongoza watalii ni lazima. Maji lita 2 kila mtu, koti la mvua hata kiangazi. Raba zenye soli laini ziacheni nyumbani. Wakati wa kushuka mizizi yenye unyevu inateleza vibaya.