Mafuta ya Chipsi Kwenye Injini ya Mashine: Ogopa Maji Kuliko Makapi

Kwa miaka sita sasa, injini ya mashine yangu ya kusaga mahindi hapa Njombe imekuwa ikifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kukaangia viazi na samaki. Wanaokuja kuuliza huanza karibu wote na swali moja, kwamba nachujia kitambaa gani. Mimi huwajibu kuwa kitambaa ni jambo dogo, kwa sababu kinachoua injini mapema ni maji yaliyojificha ndani ya mafuta, na maji hayo hupita kwenye kitambaa bila shida yoyote.

Nilijifunza hivyo kwa gharama. Mwaka wa kwanza nilinunua madumu mawili kwa muuza chipsi, nikayapitisha kwenye kitambaa cha marekani nilichokikunja mara nne, mafuta yakatoka yaking'aa kama asali, nami jioni ile ile nikayamimina tangini. Haikupita wiki mbili injini ikaanza kukohoa na kutoa moshi mweupe, na fundi alipofungua pampu na nozeli, yaani vinywa vinavyonyunyizia mafuta ndani ya injini, alikuta kutu. Nilipaswa kulitarajia hilo, maana karibu asilimia 80 ya kiazi kibichi ni maji, na samaki hutiwa chumvi kabla ya kuingia kwenye karai. Maji yenye chumvi hayana urafiki na chuma.

Siku hizi kazi yangu kubwa ni kusubiri. Mafuta meusi yenye harufu kali nayakataa tangu kibandani, kwa kuwa yamekwisha kuwa na asidi nyingi na yanawafaa zaidi watengeneza sabuni. Yale ninayoyachukua huyapasha moto nje ya nyumba, kwenye pipa ambalo halikujazwa hata nusu, hadi nyuzi 60 za sentigredi na si zaidi, kisha naondoa moto kabisa, nalifunika pipa kwa mablanketi makuukuu na kuliacha litulie. Yapo mazoea ya kuchemsha mafuta ili maji yakauke, nami nayapinga kwa nguvu zote: maji yaliyolala chini ya pipa yakigeuka mvuke kwa ghafla hutanuka takriban mara 1,700, na mafuta ya moto yaliyo juu yake hurushwa usoni mwako. Maji yaliyopashwa joto kwa kiasi hushuka yenyewe pamoja na mashapo, na koki niliyoifunga shubiri moja juu ya kitako cha pipa hutoa mafuta ya juu tu.

Baada ya wiki mbili napima. Natia kijiko kimoja cha mafuta kwenye kikaango kilichopata moto sawasawa; yakilia na kutoa vipovu, bado yana maji, nayo hurudi pipani.

Kuchuja huja mwishoni, na hapa baridi yetu ina faida yake. Mafuta mengi ya kupikia yanayouzwa madukani hutokana na michikichi, na yale yanayotiririka kama maji Dar es Salaam huganda sehemu yake huku kwetu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukichuja yakiwa moto, mafuta mazito yaliyoyeyuka hupenya, halafu huganda asubuhi ndani ya filta ya injini. Kwa hiyo mimi huchuja yakiwa yamepoa, kwanza kwa marekani, kisha kwa mfuko wa kuchujia wa mikroni 5 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ingawa ndoo moja huweza kuchukua usiku kucha.

Wapo wanaonikumbusha kwamba injini ya dizeli ilioneshwa Paris mwaka 1900 ikitumia mafuta ya karanga, kwa hiyo gari lolote la dizeli litakubali. Hapana. Yangu ni injini ya zamani ya mwendo wa polepole, yenye chumba kidogo cha kuwashia mafuta kabla hayajafika kwenye silinda. Gari la kisasa lenye pampu ya shinikizo kubwa na nozeli zinazoendeshwa kwa umeme usiliguse. Mafuta ya mimea ni mazito takriban mara kumi kuliko dizeli, na hata injini yangu huwashwa kwa dizeli kutoka tangi la pili, ikapata joto, ndipo nageuza koki. Bomba la mafuta nimelizungusha ndani ya maji yanayopoza injini ili yafike pampuni yakiwa mepesi. Ni la chuma, kwa kuwa shaba huharakisha mafuta kuoza. Dakika kumi za mwisho wa kazi narudi kwenye dizeli, ili mafuta mazito yasilale ndani ya pampu na nozeli. Nikisahau, kesho yake wateja hukaa na ndoo zao za mahindi hadi saa nne.

Oili ya injini nayo naibadilisha kwa nusu ya muda wa kawaida, kwani mafuta yasiyoungua hupenya pembeni mwa pistoni na kuifanya iwe nzito kama uji.

Vitambaa vya kuchujia visirundikwe kamwe, hasa kama mafuta yalikuwa ya alizeti, kwa sababu rundo lililolowa mafuta hujipasha joto lenyewe na linaweza kuwaka bila kiberiti. Vyangu huvianika nje kimoja kimoja juu ya waya, mbali na ghala la mahindi.