Korosho ya leso shingoni

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni kitu gani tunachokitengeneza nyumbani kwa mikono yetu ambacho wageni hudhani kimenunuliwa dukani. Jibu langu ni mikufu ya vipande vidogo vya plastiki, ambayo mimi na binti yangu huitengeneza jikoni kwetu Kibokoni, hapa Mombasa, kutokana na vifuniko vya vyombo vya keki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, lakini vifuniko hivyo bado vimejaa, na vyetu vingeishia jaani.

Si kila plastiki inafaa. Inayotakiwa ni polistireni, ile angavu na kavu ambayo ukiikunja hulia na kupasuka, na alama yake ni namba 6 ndani ya pembetatu ya mishale. Vifuniko vyenye namba 1 hufanana nayo sana, ila motoni hujikunja ovyo na kugeuka vyeupe. Polistireni hii hutii kwa sababu kiwandani bamba lake huvutwa pande zote lingali na joto, kisha hupozwa likiwa limetanuka vivyo hivyo. Likipashwa moto tena, hurudi lilikotoka, likapungua upana na kuongezeka unene.

Ndiyo maana nasema kazi yote hufanywa kabla ya moto. Mchoro wa sentimita 6 hutoka ukiwa na sentimita mbili na nusu hivi, na tundu la panchi ya karatasi, ambalo ni milimita 6, hubaki kiasi cha kupitisha kipete cha waya. Siku ya kwanza nilisahau kutoboa, nikajaribu kutumia msumari wa moto baada ya kipande kupoa. Kilipasuka mara tatu, na mtoto akalia, kwa kuwa alikichora tangu alasiri. Rangi nazo hukolea: waridi hafifu hutoka ikikaribia damu ya mzee, kwa hiyo tunapaka kwa mkono mwepesi, kwa penseli za rangi, baada ya kuusugua uso wa plastiki kwa msasa laini ili rangi ipate pa kushika.

Michoro tunaitoa kwenye leso, yaani kanga. Binti yangu hutandika mezani kisutu, ambayo ni aina ya leso, akaweka plastiki juu ya korosho, yaani mchoro wenye umbo la korosho, na kwa kuwa plastiki inaonyesha, huifuatisha mistari polepole kwa kalamu ya wino usiofutika. Sitaki avae maua na nyota zisizo na kwao ilhali pindo za leso za nyanya yake zimejaa michoro mizuri kuliko hiyo.

Oveni ikifika nyuzi 160, tunaviingiza vipande juu ya karatasi ya kuokea, madirisha yakiwa wazi, na kazi hii naifanya mimi mwenyewe. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa kuwa baada ya muda mfupi korosho hujikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, ncha zikikaribia kugusana, na anayeona hukimbilia kuitoa. Subiri. Katika dakika ya pili au ya tatu hujifungua yenyewe na kulala, ikiwa ndogo na nene, na ndipo ninapoitoa na kuikandamiza kwa kitako cha bilauri mpaka nihesabu kumi. Ukiona moshi au ukinusa harufu kali, moto umezidi, uzime.

Msipake rangi ya kucha juu yake ili ing'ae. Mimi nilipaka, na dawa iliyomo ikayeyusha wino na kuulainisha uso wote. Vanishi ya maji haina madhara hayo. Na vipete viwe vya shaba nyeupe au vya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya bahari na jasho la hapa kwetu huvila vya chuma cha kawaida upesi, vikaacha doa la kutu kwenye kola ya nguo. Kati ya kipande na kipande tunatia shanga mbili ili visigongane.

Siku ya Idi shangazi yake aliushika mkufu huo kwa vidole viwili, akaniuliza ni duka gani la Mtaa wa Biashara linaloiuza. Sasa binti yangu anataka kuongeza jina la leso, yaani yale maneno yaliyochapwa juu yake, chini ya korosho. Herufi za sentimita moja hutoka milimita nne hivi, na kwa kuwa anaandika upande wa nyuma ili wino usichubuke, hana budi kuziandika kinyume. Kufikia jana usiku alikuwa amepata maneno mawili, na yanasomeka.

Msomaji, Kibokoni, Mombasa