Virusi huzalishwa, hukuzwa au hutengenezwa?

SWALI: Ninaishi Dodoma na kazi yangu ni kufasiri makala za afya kwa ajili ya wazazi wenye watoto wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nimepewa andiko linaloeleza kwa nini tiba ya jeni, yaani tiba inayompa mgonjwa jeni (maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli), ni ghali. Kichwa chake nimekiandika hivi: "Uboreshaji wa uzalishaji wa vekta za virusi katika bayorekta kwa kiwango kikubwa." Mama mmoja alipokisoma aliniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo kuna watu wanazalisha virusi?" Nimekosea wapi?

JIBU: Mama huyo amekisoma Kiswahili chako jinsi kilivyoandikwa, na mshtuko wake una haki. Tuanze na neno lililomshtua.

Mkunga huzalisha, na kiwanda cha saruji huzalisha. Kwenye saruji hakuna anayebabaika. Lakini kitenzi hicho kikikaa karibu na kitu kinachojulikana kwa kuongezeka mwilini, uzazi ndio unaosikika kwanza: virusi vinazaana na mtu anavisaidia. Hapo neno linakwenda kinyume na sayansi yenyewe. Virusi vinavyotumika katika tiba hii vimeondolewa jeni za kuvizidisha. Wataalamu huzipa seli maelekezo yaliyogawanywa katika vipande mbalimbali vya DNA, nazo seli huunda virusi ambavyo vikiingia kwenye seli za mgonjwa hufikisha mzigo wake, yaani jeni, bila kuzaliana. Kwa hiyo kila hatua ipe kitenzi chake: seli hukuzwa, virusi hutengenezwa ndani ya seli hizo, kisha huvunwa na kusafishwa. Ukiandika hivyo, mzazi ataiona kazi nzima bila kuhitaji maelezo ya pembeni.

"Vekta za virusi" lina tatizo jingine, nalo ni la sarufi. Kiunganishi cha -a hakituambii uhusiano ni upi. Kikombe cha chai kina chai ndani. Kikombe cha udongo kimefinyangwa kwa udongo. Sasa "vekta ya virusi" ni kipi kati ya hivyo viwili? Msomaji aliyewahi kumsikia bwana afya akisema mbu ni vekta atadhani unazungumzia mdudu anayesambaza virusi, na aliyesoma hisabati atakumbuka mshale wenye ukubwa na mwelekeo. Wewe unataka kusema kwamba virusi ndivyo vinavyobeba. Kiswahili kina muundo wa kusema hivyo tangu zamani: wanyama wala nyasi, ndege wala nyama. Nakushauri uandike "virusi vibeba jeni". Mbebaji yuko mbele, mzigo uko nyuma, na hakuna atakayevigeuza.

Kuhusu "bayorekta", sioni ubaya wa kulitumia baada ya kulieleza mara moja. Nisilolikubali ni "kinu", ambalo wengine hulichukua kutoka "kinu cha nyuklia". Dodoma kinu ni cha kutwanga, na kutwanga ndicho kitu ambacho seli hizi haziwezi kukistahimili. Sema "tangi la kukuzia seli". Wakulima wa zabibu na watengenezaji wa mvinyo wa mkoa wenu wanajua tangi la kuchachushia, ambamo joto lisipoangaliwa kazi yote huharibika, kwa hiyo picha ipo tayari vichwani mwao. Tangi hili nalo lina pangaboi la kukoroga, mipira ya kupitishia oksijeni na vipimo vya joto na asidi. Seli za binadamu hukaa kwenye nyuzijoto 37 hivi.

"Kwa kiwango kikubwa" ni sahihi, ila ni baridi. Mzazi anahitaji kujua ugumu uko wapi. Chupa ya lita 2 ya maabara hukorogeka kwa urahisi. Kwenye tangi la lita 2,000 oksijeni haifiki kila pembe sawasawa, kabonidioksidi hujikusanya, na ukiongeza kasi ya pangaboi ili kurekebisha hayo, seli huchanika. Tumia "kwenye matangi makubwa", naye ataona mwenyewe.

Limebaki "uboreshaji", na hapa ningependa utulie kidogo. Kuboresha si kuongeza. Kuna mafanikio mawili yanayotafutwa: kupata virusi vingi zaidi kwa kila lita, na kupata virusi vingi zaidi vyenye jeni ndani. La pili lina uzito hasa kwa AAV, aina ya virusi vidogo vibeba jeni vyenye upana wa nanomita 25 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kwa sababu seli hutoa maganda mengi ya virusi yasiyo na jeni ndani. Kwa maganda hayo Kiswahili kina neno ambalo sijaliona likitumika kwenye makala za tiba, na linanisikitisha kukosekana kwake: mapepe. Ni punje za nafaka zisizo na kiini, zile zinazopeperuka ungo unapotikiswa. Kutenganisha maganda matupu na yaliyojaa kwa kutumia tofauti ya uzito wao ni kupepeta, ingawa hapa ungo ni mashine inayozunguka kwa kasi kubwa sana. Mwandikie mama wa Bahi au Kongwa kwamba "mapepe ni mengi na kuyapepeta ni gharama", naye ataelewa sehemu ya bei ya dawa za AAV ilikotoka.

Bei yenyewe iseme. Lyfgenia, tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023, ilitangazwa kwa dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja. Na usifiche asili ya virusi vyake, ambavyo si AAV: ni lentivirusi, aina nyingine ya virusi vibeba jeni, iliyotokana na VVU, ikaondolewa uwezo wa kuzaliana na kuleta UKIMWI. Mzazi akilijua hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwa jirani, hatakuamini tena. Mpe pia mfano alioushuhudia: chanjo ya UVIKO-19 ya Johnson & Johnson aliyochanjwa Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021 ilibebwa na adenovirusi, aina nyingine tena ya virusi, isiyoweza kuzaliana, iliyotengenezwa ndani ya seli zilizokuzwa matangini.

Kichwa chako ningekiandika: "Jinsi ya kupata virusi vibeba jeni vingi na bora kutoka kwenye matangi makubwa ya kukuzia seli." Ni kirefu kidogo, lakini hakina nomino tatu zilizopandiana kama "uboreshaji wa uzalishaji wa vekta". Na ndani ya makala andika "virusi hivi" wala si "virusi hawa". Kimoja ni kirusi, kwa herufi ndogo, maana kwa herufi kubwa ni lugha ya Urusi.