Wapenzi wawili, wote manusura: penzi lishike ukurasa wa ngapi?

SWALI: Naandika skripti ya filamu ya mapenzi, kurasa 100. Mwanamke alikuwa akipigwa na mume aliyemwacha. Mwanamume alikulia kwenye kipigo cha baba yake. Wanakutana ukurasa wa 15, wanalala pamoja ukurasa wa 40, na toka hapo wamepona. Walioisoma wanasema hawaamini. Je, niongeze kisengerenyuma (onyesho linalorudi nyuma kwenye yaliyopita) cha vipigo?

JIBU: Usiongeze, punguza. Kasoro iko ukurasa wa 40, ulipolifanya penzi kuwa dawa. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja, hivyo umebakiwa na saa nzima ya filamu isiyo na kikwazo.

Daktari wa akili wa Marekani, Judith Herman, alieleza mwaka 1992 hatua tatu za kupona: usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, halafu kuungana tena na watu. Mvuto unaweza kuzuka wakati wowote, lakini kumwamini mtu kwa mwili wako ni kazi ya hatua ya mwisho, na manusura hurudi nyuma mara nyingi. Ningesogeza mguso wa kwanza, autake mwanamke mwenyewe, hadi karibu ukurasa wa 50. Mpasuko mkubwa kati yao uje kwenye 60. Kitanda kisubiri 75, na hata baada ya hapo woga urudi angalau mara moja.

Utajiri wa hadithi yako ni kwamba majeraha yao hayafanani, na kila mmoja anatonesha la mwenzake bila kujua. Chukua jikoni: mlango wa kabati unamponyoka mwanamume, unabamiza. Mwanamke anaganda, kijiko mkononi, macho sakafuni. Mwanamume, aliyezoea kutuliza hasira za baba, anaanza kuomba radhi mfululizo huku akimsogelea. Kila hatua anayopiga inamzidishia mwanamke hofu. Mwanamke anatoka nje, mwanamume anahesabu kwamba ameachwa. Hakuna mwenye kosa, na hakuna aliyetaja yaliyopita. Mwili hutangulia maneno, kwa hiyo andika kwanza pumzi, mikono, umbali kati yao. Maelezo yaje maonyesho mawili baadaye, tena nusu nusu. Hotuba ya kurasa tatu inayofichua kila kitu usiku mmoja ndiyo inayowafanya wasomaji wako wagune.

Kisengerenyuma kikilazimika, kiwe sekunde chache: harufu, sauti ya funguo, kipande cha ukuta. Kumbukumbu za kiwewe mara nyingi huja vipande vipande, si kwa mpangilio. Ukionyesha kipigo kizima, mtazamaji anamtazama mpigaji.

Angalia pia wivu. Mwanamume anayemfuatilia kazini au kupekua simu yake "kwa kuwa anampenda" anarudia yale yale ya mume wa zamani, hata ukimwekea muziki mtamu. Kila mmoja apewe mtu mwingine wa kuegemea, mnasihi au dada, ili mwanamke asigeuke muuguzi wa mwenzake.

Siku ya kurekodi, kila mguso wa onyesho la faragha ukubaliwe kwa maandishi na kufanyiwa mazoezi kabla, na abaki seti anayehitajika tu.

Na yule mume wa zamani, usimrudishe ukurasa wa 90 ili apigwe na shujaa. Hapo utakuwa umempa mwanamume ushindi uliokuwa wa mwanamke.